Rangi ya Kwanza

Msikilizaji, leo naomba tuanze na matundu ya misumari.

Katika mji wa Fullerton, jimbo la California, kiwanda cha Leo Fender kilikuwa na namna yake ya kupaka magitaa rangi. Kabla kiwiliwili cha mbao hakijafika kwa mpakaji, kilipigiliwa misumari michache upande wa mbele. Misumari hiyo ndiyo iliyokuwa miguu yake. Mpakaji alinyunyizia upande mmoja, akakigeuza, akakisimamisha juu ya misumari, akanyunyizia upande wa pili, kisha kikaachwa kikauke bila kugusa meza. Rangi ilipokauka, misumari iling'olewa. Matundu yakabaki, na kwa kuwa mengi yake yalifunikwa na bamba la plastiki, mnunuzi hakuyaona wala hakuwa na sababu ya kuyatafuta. Kazi iliendelea hivyo miaka yote ya 50, hadi kuelekea katikati ya miaka ya 60.

Sasa njoo leo. Mtu anakuletea Stratocaster ya Fender ya mwaka 1960 na kukuapia kwamba rangi yake ni ile ile ya kiwandani. Anayejua kazi hii habishani naye. Anafungua skrubu, anaondoa bamba, anayatafuta yale matundu. Akiyakuta, na ndani yake akaona mbao tupu, anatulia kidogo, kwa sababu msumari ulikuwa umekaa pale rangi ilipopita. Akikuta rangi imetiririka ndani ya tundu, au tundu halipo kabisa, limezibwa na kupigwa msasa, basi gitaa hilo limepakwa mara ya pili na mtu mwingine, siku nyingine. Hapo hapo nusu ya bei inakuwa imeondoka.

Nasema nusu kwa sababu ndivyo wauzaji wa magitaa ya zamani huko Marekani walivyozoea kuhesabu. Si sheria iliyoandikwa, na kila gitaa lina mazungumzo yake, lakini hesabu huanzia hapo: gitaa la umeme la miaka ya 50 au 60 likipakwa upya, thamani yake ni karibu nusu ya lile ambalo halijaguswa. Tuseme gitaa moja lingeuzwa dola 30,000. Ndugu yake, aliyetoka kiwandani mwezi ule ule, mwenye mbao zile zile, waya zile zile na shingo ile ile, akiwa amepakwa upya atauzwa dola 15,000. Haijalishi kama rangi mpya ni nzuri kuliko ya kwanza, wala kama fundi ametumia rangi ya aina ile ile na weledi wa hali ya juu.

Najua mpigaji anayenisikiliza ameshaanza kuuliza: kwani rangi ndiyo inayopiga? Swali hilo ni la haki. Sauti ya gitaa la umeme inatokana na waya unaotikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa koili, ile tunayoiita pikapu. Wako wanaoamini kwamba rangi nzito hubana mbao, na mabishano hayo hayajaisha. Lakini hakuna sikio linaloweza kusikia dola 15,000 kati ya magitaa yale mawili. Wauzaji wanajua hivyo, na wanunuzi pia.

Basi fedha hizo zinalipia nini? Mimi naamini zinalipia uhakika. Rangi ya kwanza ni ngozi iliyovalishwa gitaa siku moja, kiwandani, juu ya kila kitu. Baada ya siku hiyo, lolote litakalotendwa juu ya mbao lazima lipite kwenye ngozi hiyo na kuacha alama: tundu, ufa, kiraka, kipande kilichobandikwa. Ukiitazama vizuri, inakueleza maisha ya gitaa zima. Ukiikwangua, umemfukuza shahidi. Huwezi tena kujua kama chini kulikuwa na ufa ulioungwa, kama shimo lilichimbwa likazibwa, kama kiwiliwili na shingo vilizaliwa pamoja, au kama rangi ya mwanzo ilikuwa ya kawaida ama ya nadra. Mnunuzi anakata bei kwa ajili ya yale yote ambayo hawezi tena kuyathibitisha, hata kama hakuna hata moja baya lililowahi kutokea.

Na ngozi yenyewe ina tabia ya pekee. Viwanda vya Marekani wakati huo vilitumia zaidi rangi na vanishi za nitroselulosi, zile zile zilizokuwa zikipakwa magari. Rangi hii hukauka kimiminika chake kinapogeuka mvuke hewani, hubaki nyembamba, na huendelea kubadilika kwa miaka mingi. Gitaa likitoka kwenye baridi kali ya nje na kufunguliwa ghafla ndani ya ukumbi wenye joto, vanishi hupasuka mistari myembamba. Nyeupe hugeuka rangi ya krimu. Buluu hufunikwa na vanishi iliyopata umanjano, ikaonekana ya kijani, na ukiondoa bamba la plastiki unakuta buluu safi imejificha chini yake tangu siku ya kwanza. Mpaka kati ya rangi hizo mbili, ulionyooka kufuata ukingo wa bamba, ni miongoni mwa vitu vigumu sana kughushi. Baadaye, karibu na mwaka 1968, Fender walihamia kwenye rangi nzito ya poliesta, ngumu kweli kweli, na magitaa ya kipindi hicho hayazeeki kwa namna hii.

Ipo pia taa ya miali ya urujuanimno. Ukiwasha taa hiyo gizani, vanishi kuukuu ya nitroselulosi hung'aa kwa umanjano wenye ukijani, na mahali palipoguswa juzi panabaki doa jeusi, au panang'aa kwa namna nyingine kabisa. Wanunuzi makini husafiri nayo mkobani.

Hebu sasa tuangalie Les Paul Standard, maana hapa jambo hili linafika kileleni. Gibson, watengenezaji wake, walikuwa Kalamazoo, jimbo la Michigan. Mwaka 1958 walianza kutoa Les Paul yenye rangi ya machweo: umanjano katikati, wekundu ukikolea kuelekea kingoni, na mishipa ya mti wa mepo ikionekana chini yake. Hadi mwaka 1960 inakadiriwa kuwa yalitoka kama 1,500. Bei ilikuwa chini ya dola 300, na watu hawakuyakimbilia. Mwaka 1961 Gibson wakaachana na umbo hilo, wakaleta jingine jembamba lenye pembe mbili. Halafu mwaka 1966 ikatoka albamu ya John Mayall akiwa na kijana Eric Clapton, na sauti ya Les Paul ya aina hiyo ikawafanya wapigaji wa Uingereza na Marekani waanze kuyasaka. Leo moja lililo zima huuzwa kwa laki kadhaa za dola.

Ule wekundu wa kingoni, kwa magitaa mengi ya 1958 na 1959, haukuweza kustahimili jua. Gitaa lililokaa miezi dirishani mwa duka lilipoteza wekundu wote, likabaki na umanjano mtupu au kahawia hafifu. Je, linashuka bei? Hapana. Wapo wakusanyaji wanaoyapenda hayo kuliko yaliyobaki mekundu. Kwa hiyo tusidhani kwamba soko linataka gitaa libaki kama lilivyotoka kiwandani. Gitaa limebadilika kabisa, lakini lililolibadilisha ni jua na miaka. Kama fundi angeuondoa wekundu ule ule kwa kitambaa na kemikali, matokeo yakafanana mbele ya macho, maelfu kwa maelfu ya dola yangepotea.

Kabla ya machweo, tangu 1952 hadi 1957, Les Paul ilipakwa rangi ya dhahabu. Chini ya dhahabu ile kulikuwa na mbao za namna ile ile, mepo juu ya mahogani. Basi bei za machweo zilipopanda, mafundi wakapata wazo: chukua la dhahabu, kwangua, paka machweo. Magitaa mengi yalifanyiwa hivyo. Mengine yalitoka mazuri sana, na wanaoyapiga wanayapenda kwa moyo wote. Lakini mbao zikawasema. Kiwanda kilipojua kwamba dhahabu itafunika kila kitu, hakikujishughulisha kuchagua vipande viwili vilivyokutana katikati barabara. Ukikwangua unaweza kukuta kiungo kimekaa pembeni, au vipande vitatu badala ya viwili. Na jambo linaloniuma ni kwamba magitaa ya dhahabu nayo yamepanda. Lile la mwaka 1957 ambalo halikuguswa sasa ni mali kubwa, na kila lililokwanguliwa limepunguza idadi ya ambayo hayataongezeka tena.

Hata kiwanda chenyewe hakiwezi kurudisha kilichoondolewa. Lipo gitaa maarufu la George Harrison wa The Beatles, jekundu, aliloliita Lucy. Clapton ndiye aliyempa, na Clapton huyo huyo ndiye aliyepigia solo ya "While My Guitar Gently Weeps" mwaka 1968. Lilizaliwa la dhahabu mwaka 1957. Rick Derringer, aliyekuwa nalo kabla, alilirudisha Gibson, Kalamazoo, likapakwa nyekundu na watu walewale wa kiwanda. Kama halingepita mikononi mwa Harrison na Clapton, lingekuwa gitaa lililopakwa upya. Karatasi ya kiwanda ingepunguza shaka, lakini rangi isingekuwa ya kwanza.

Kwa Fender, kishawishi kilikuwa tofauti. Ukiacha machweo ya kawaida, mteja aliweza kuagiza rangi maalumu kwa nyongeza ya asilimia 5 tu. Rangi hizo zilikuwa za magari, zilizotengenezwa na DuPont: nyekundu ya Fiesta Red iliyotoka kwenye Ford Thunderbird ya 1956, buluu ya Lake Placid Blue iliyotoka kwenye Cadillac. Asilimia 5 ile ya wakati huo imekuwa pengo kubwa mno leo, kwa sababu walioagiza walikuwa wachache. Hapo ndipo udanganyifu ulipoingia. Stratocaster ya machweo inapakwa buluu, inachakazwa kidogo, inauzwa kuwa ya rangi maalumu. Na ili kufanya jambo liwe gumu zaidi, kuna nyakati kiwanda chenyewe kilichukua kiwiliwili kilichokwishapakwa machweo na kukipaka rangi maalumu juu yake. Ukiona machweo yanachungulia chini ya buluu, huwezi kuhukumu papo hapo. Unarudi kwenye matundu ya misumari, kwenye taa, kwenye maandishi ya penseli au muhuri wa tarehe mwisho wa shingo, mpaka vyote viseme neno moja.

Nimekaa sana kwenye rangi kwa makusudi, maana ndiyo inayokata fungu kubwa. Lakini ndani ya gitaa kuna mashahidi wengine.

Gibson walikuwa na mhandisi aitwaye Seth Lover. Yeye alibuni pikapu ya koili mbili zinazouana mvumo wa umeme. Ombi la hataza lilipelekwa mwaka 1955, pikapu zikaanza kufungwa kwenye magitaa mwaka 1957, hataza ikatoka mwaka 1959. Zile za awali zilibandikwa chini yake kibandiko kidogo cheusi chenye maneno ya Kiingereza "Patent Applied For", yaani hataza imeombwa, na herufi za mwanzo za maneno hayo, PAF, ndizo jina la pikapu hizo sokoni mpaka leo. Pikapu moja ya namna hiyo, peke yake, bila gitaa, inauzwa kwa maelfu ya dola. Sasa fikiria Les Paul ambayo mwenyewe, mwaka 1974, alizing'oa zote mbili, akafunga DiMarzio Super Distortion kwa sababu alitaka sauti nzito ya roki, na zile za zamani akazitupa kwenye droo au akampa rafiki. Wakati ule hakufanya kosa lolote. Alikuwa na kazi jukwaani na kifaa kipya kilimsaidia.

Pikapu hizo hufunikwa na kifuniko cha chuma kilicholehemiwa chini. Mwishoni mwa miaka ya 60 wapigaji wengi walivifungua wakiamini sauti inatoka kali zaidi. Wengine walifungua kwa sababu nyingine: kati ya 1959 na 1960 baadhi ya vigurudumu vya plastiki vinavyozungushiwa waya vilitoka rangi ya krimu badala ya nyeusi, na vya krimu vinauzwa ghali zaidi. Hakuna njia nyepesi ya kujua bila kufungua. Ukifungua, risasi ya kulehemu ya kiwandani imevunjika, na haiwezi kurudi kuwa ya kiwandani. Wakusanyaji wanathamini risasi ambayo haijawahi kuyeyushwa mara ya pili, na wanaitambua kwa mng'ao wake na namna waya ulivyokunjwa.

Vile vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti navyo vina namba mgongoni. Tarakimu tatu za mwanzo ni za mtengenezaji, 137 ni CTS, 304 ni Stackpole. Zinazofuata ni mwaka, na mbili za mwisho ni wiki. Ukiona 1376622, hiyo ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 22. Gitaa haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko vitufe vyake, kama havijabadilishwa. Lakini linaweza kuwa dogo kwake: Fender walinunua shehena kubwa mwaka 1966 na kuitumia kwa miaka kadhaa, kwa hiyo gitaa la 1968 lenye namba za 1966 halina kasoro.

Mabadiliko hayalingani uzito. Freti ni kitu kinacholiwa na nyuzi. Gitaa lililopigwa kweli litahitaji nyingine, na zikifungwa vizuri bei haiyumbi sana. Vifunguo vya kukazia nyuzi ni hadithi ya kati. Gibson walitumia vya Kluson vyenye vishikio vya plastiki, na plastiki ile huoza na kumomonyoka hata gitaa likiwa ndani ya kasha. Wengi waliweka Grover vya chuma, ila Grover hutaka tundu pana zaidi, na tundu lililopanuliwa kichwani mwa gitaa halipunguzwi tena. Kibaya zaidi ni kuchimba kiwiliwili. Miaka ya 80, tremolo za kufunga za Floyd Rose, vile vyuma vya kuyumbishia sauti, zilipokuja, Stratocaster za zamani zilichimbwa mbao ili chuma kipya kikae. Waya uliobadilishwa unaweza kurudishwa, na pikapu ikipatikana inaweza kufungwa tena. Mbao iliyotoka kama unga wa msasa haina njia ya kurudi. Ukitaka kujua hasara ya badiliko lolote, uliza kwanza kama linaweza kutenduliwa bila kuacha alama.

Kuna jeraha moja ambalo hakuna aliyelikusudia. Gibson walikata shingo kutoka kwenye kipande kimoja cha mahogani, kichwa kikiinama nyuma kwa pembe ya nyuzi 17, na mahali penye wembamba kuliko pote wakachimba shimo la kufikia chuma cha kunyooshea shingo. Gitaa likianguka chali, hata ndani ya kasha, hapo ndipo panapovunjika. Fundi mzuri huunga kwa gundi mpaka pakawa imara, na mpigaji hatahisi chochote. Soko hata hivyo hukata takriban nusu, sawa na rangi.

Nirudi kwa walioyafanya haya, kwa sababu sipendi wahukumiwe. Mwaka 1965, mwezi wa Januari, Fender iliuzwa kwa kampuni ya CBS kwa dola milioni 13, na miaka iliyofuata wapigaji wakaanza kusema kwamba yale ya kabla ya CBS ni bora. Kabla ya hapo gitaa la miaka mitano lilikuwa gitaa kuukuu tu. Mwaka 1968 John Lennon na George Harrison waliondoa rangi kwenye Epiphone Casino zao, wakaziacha mbao tupu, na vijana wengi wakafuata, wakiwa na msasa na kopo la kuondolea rangi uani kwao. Gitaa lilikuwa jembe lao la kazi. Hata huku kwetu, katika bendi za dansi za Dar es Salaam na Morogoro, vyombo vingi vilikuwa mali ya chama, shirika au mwenye bendi, na kazi ya fundi ilikuwa kuhakikisha vinapiga usiku ule. Kifaa kilichoharibika kilibadilishwa kwa kilichopatikana. Hakuna aliyefikiri kwamba miaka 50 baadaye mtu angekuja na taa kukagua risasi ya kulehemu.

Na lipo gitaa moja ambalo linavunja kila nililosema. David Gilmour wa Pink Floyd alinunua Stratocaster nyeusi kwenye duka la Manny's, New York, mwaka 1970. Weusi ule ulikuwa umepakwa juu ya machweo ya kiwandani. Tangu hapo shingo ilibadilishwa mara kadhaa. Pikapu ya nyuma ilibadilishwa zaidi ya mara moja. Bamba likawekwa jeusi. Tundu la soketi lilitobolewa, kisha likazibwa. Mwaka 1983 kiwiliwili kilichimbwa ili tremolo ya Kahler ikae, baadaye shimo likajazwa na ile ya kawaida ikarudi. Ukimpelekea mkadiriaji asiyejua ni la nani, angekuambia ni gitaa la kupigia, si la kuhifadhi. Tarehe 20 Juni 2019, Christie's ya New York iliuza gitaa hilo kwa dola 3,975,000, na fedha za mnada ule wote Gilmour alizipeleka kwa shirika la sheria za mazingira, ClientEarth.

Wengine huutaja mnada ule kama ushahidi kwamba mabadiliko si kitu. Mimi nauona unathibitisha lile lile. Kila tundu la gitaa lile linajulikana lilitobolewa lini na kwa nini, picha zipo, na sauti yake imo ndani ya "The Dark Side of the Moon" na "The Wall". Uhakika uliopotea kwenye rangi umejazwa na historia iliyoandikwa. Blackie, gitaa la Clapton, ni vivyo hivyo: aliiunganisha mwenyewe kutoka kwenye Stratocaster kadhaa alizonunua Nashville mwaka 1970, na mwaka 2004 iliuzwa dola 959,500. Gitaa lako na langu hayana picha hizo.

Linalonigusa zaidi ni la Rory Gallagher wa Ireland. Alinunua Stratocaster ya 1961 mjini Cork mwaka 1963, akaipiga hadi alipofariki mwaka 1995. Rangi yake imebanduka karibu yote, mbao zimebaki wazi, kahawia, zimejaa makovu. Hapakuwa na msasa, ila jasho, mkono, safari, na mvua iliyoinyeshea gitaa lilipoibwa na kutelekezwa. Mwaka 2024 liliuzwa London kwa zaidi ya pauni 800,000, na sasa ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Weka gitaa hilo karibu na jingine lililokwanguliwa uani na kijana wa mwaka 1972, yote mawili mbao tupu. Jicho lisilozoea halitaona tofauti.

Mvuto wa uchakavu wa kweli ni mkubwa kiasi kwamba tangu mwaka 1995 Fender wenyewe wanauza magitaa mapya yaliyochakazwa makusudi, yamekwanguliwa mahali mkono ungepita na chuma chake kimetiwa kutu. Sina ugomvi nayo, kwa kuwa yanauzwa kwa jina lake. Ninachokataa ni kuficha. Kupaka gitaa upya si dhambi. Gitaa la 1963 lililopakwa upya na likauzwa waziwazi hivyo ni baraka kwa mwanamuziki, maana ndilo pekee la kipindi kile ambalo mtu anayeishi kwa kupiga anaweza kulifikia. Linapiga vilevile, na anaweza kulipeleka jukwaani bila kulilinda usiku kucha. Kama una fedha za gitaa moja na unataka kulipiga, nakushauri bila kusita ununue hilo. Lililo zima waachie wenye kulitunza, na wao nao tuwashukuru, kwa kuwa bila wao tusingejua zile rangi za kwanza zilikuwaje.

Sasa kwa yeyote mwenye gitaa la zamani nyumbani, pengine la baba au la bendi iliyovunjika, likiwa limekaa stoo na rangi yake imepasuka. Usilipige msasa. Usilipake. Usilisugue kwa dawa ya kung'arishia magari. Lifute vumbi kwa kitambaa kikavu, lipige picha pande zote, na likihitaji kutengenezwa ili lipige, mwambie fundi unataka kifaa kinachoweza kutolewa bila kutoboa mbao. Na kila anachokitoa, hata skrubu iliyoota kutu, hata kishikio cha plastiki kilichomomonyoka, akurudishie mkononi. Kitie kwenye bahasha, andika tarehe, weka ndani ya kasha la gitaa hilo hilo. Kama lilishapakwa upya zamani, usikimbilie kuondoa rangi hiyo ukitafuta ya kwanza. Wapo mafundi waliobobea wanaoweza kuiondoa ya juu wakaibakiza ya chini, lakini kazi hiyo hupimwa kwanza mahali pasipoonekana, chini ya bamba. Na siku ukiliuza, andika kwenye risiti kila unachokijua kimebadilishwa.